Pampu joto ya maji isiyopiga kelele: mnachagua kwa kigezo gani?

#1 Kibarazani
Wakuu, habari. Nataka kuachana na hita ya koili niweke pampu joto ya maji ya kuogea, ile mashine yenye feni na kompresa inayovuta joto la hewani na kulipeleka kwenye tangi la maji. Hesabu ya umeme nimeshaifanya na nimeridhika. Kinachonikwamisha ni kelele. Nafasi niliyonayo ni ubavuni mwa nyumba tu, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, na dirisha la jirani liko kama mita tatu kutoka hapo. Tuko wanne, nafikiria tangi la lita 250.

Nimebakiza mashine mbili. Kijitabu cha ya kwanza kinasema kelele ni 46 dB (desibeli), cha ya pili 58 dB. Naona ya kwanza inashinda kwa mbali. Kuna kitu sijakiangalia? Nawasilisha.

#2 Ndoo Mbili
Hapo hakuna mjadala mkuu. 46 na 58 ni mbingu na ardhi. Chukua ya kwanza ulale.

#3 SikioLaTatu
Kibarazani, usilipe kwanza. Rudi kwenye vijitabu uangalie herufi zilizo pembeni ya hizo namba. LwA ni nguvu ya sauti, yaani jumla ya sauti yote inayotoka kwenye mashine, na haibadiliki ukisogea. LpA ni kiwango kinachofika sikioni ukiwa umbali fulani, na bila kuutaja huo umbali namba yenyewe haina maana.

Mashine ikikaa chini mahali pa wazi, LpA ya mita moja ni LwA ukitoa 8 hivi. Baada ya hapo kila umbali ukizidishwa mara mbili unatoa 6. Kwa hiyo 58 ya LwA inakupa 50 kwenye mita moja, 44 kwenye mita mbili, na 40 na kidogo kwenye mita tatu, pale dirishani kwa jirani.

Sasa geuza. Kama ile 46 ni LpA iliyopimwa mita moja na nusu, nguvu yake ya sauti ni 57 na nusu. Yaani hizo mashine zako mbili ni zilezile tu kwa kelele.

#4 Kibarazani
Duh. Nimeangalia. Ya pili imeandikwa LwA kabisa. Ya kwanza imeandikwa "46 dB(A)" basi, hakuna umbali wala herufi nyingine.

#5 SikioLaTatu
Waandikie uwaulize. Wakishindwa kukujibu, hiyo pia ni taarifa. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2015 lebo ya nishati ya hita za maji lazima ionyeshe nguvu ya sauti, kwa hiyo kama mashine inauzwa na huko, tafuta lebo yake utaikuta LwA. Tena wana kikomo: pampu joto ya maji yenye uwezo usiozidi kilowati 6 haitakiwi kupita 65 dB ikiwa ya nje na 60 ikiwa ya ndani.

#6 Mama Pacha
Samahani, mimi si fundi. 60 ni mara mbili ya 30, sivyo? Maana naona mashine ya 60 na nyumbani kuna kitu cha 30, na tofauti naisikia ni kubwa kuliko hiyo.

#7 Hezi Hamsini
Mama Pacha sikio lako liko sahihi. Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Ukiongeza 3, nishati ya sauti imekuwa mara mbili. Ukiongeza 10, sikio la mtu linaona kelele imekuwa mara mbili hivi. Kutoka 30 hadi 60 umeruka makumi matatu, kwa hiyo kwa sikio ni kama mara nane.

@SikioLaTatu hesabu yako ni nzuri ila umemweka mahali pa wazi na yeye kasema ubavuni mwa nyumba. Ukuta nyuma ya mashine unarudisha sauti mbele, ongeza 3. Ikiwa kwenye kona, ongeza 6. Na kama kati yake na jirani kuna ukuta mwingine unaotazamana na wake, sauti inapiga huku na huku na ile 40 inaweza kuwa 45 au zaidi.

#8 SikioLaTatu
Kweli, kona na ukuta lazima vihesabiwe. Kibarazani, upande wa jirani kuna nini?

#9 Kibarazani
Uzio wa matofali, urefu wa mita mbili hivi. Dirisha lake liko juu kidogo ya uzio.

#10 Fundi Msumari
Nafunga hizi mashine. Mnabishana desibeli za hewani, lakini malalamiko ninayoitiwa mengi si ya hewani. Ni mtetemo. Kompresa, yaani pampu inayobana gesi ndani ya mashine, inatikisa fremu, fremu inatikisa ukuta, ukuta unageuka ngoma na mwenye nyumba anasikia mvumo kitandani huku ukitoka nje mashine unaiona imetulia kabisa.

Usiitundike kwenye vyuma vya ukutani, hasa ukuta mwepesi wa mbao au bodi. Mwage zege peke yake, lisiungane na msingi wa nyumba. Chini ya miguu weka mpira unaolingana na uzito wa mashine. Mpira mgumu kupita kiasi hauzuii chochote. Mabomba yanayoingia na kutoka yawe na kipande cha kunyumbulika, na klipu za bomba ukutani ziwe na mpira ndani. Ukisahau hiyo klipu moja, kazi yote ya zege imepotea.

#11 Ndoo Mbili
Fundi Msumari kila uzi anamwaga zege 😂 Hata ule wa mashine ya kufulia jibu lilikuwa zege.

#12 Fundi Msumari
Na mashine ya kufulia ilitulia au haikutulia?

#13 Ndoo Mbili
Ilitulia mkuu. Nimekubali.

#14 Dirisha Wazi
Nina kisa kinachomhusu Fundi. Yetu ilifungwa na kampuni moja (sitaitaja) ukutani kwa vyuma, nyuma ya chumba cha mama. Mama akawa anasema kuna lori limesimama nje usiku na halizimi injini. Ukitembea katikati ya chumba husikii kitu. Ukilaza kichwa kwenye mto, unalisikia. Tukadhani ni umri. Mdogo wangu alipolala pale akaamka na maneno yaleyale.

Tukaishusha kwenye zege kama anavyosema Fundi, mvumo wa kitandani ukaisha. Lakini mashine ilisogea kuelekea kwa jirani, na sasa yeye ndiye anayelalamikia feni. Kwa hiyo sijui niseme tumetatua au tumehamisha.

#15 Hezi Hamsini
Dirisha Wazi, hilo la kutosikia katikati ya chumba na kusikia kwenye mto wa kulalia lina sababu, na mama yako hakuwa anaota. Kompresa ya kasi moja kwenye umeme wa hezi 50 inazunguka karibu mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake mwingi unakaa kwenye hezi 50 na 100. Wimbi la sauti la hezi 50 lina urefu wa mita 6.8 hivi. Nusu yake ni mita 3.4, ambayo ndiyo saizi ya vyumba vingi vya kulala. Sauti inasimama kati ya kuta mbili: kando ya ukuta inavuma, katikati inakufa. Kitanda kiko wapi? Ukutani.

Na hapa ndipo kijitabu kinapomwacha mtu gizani. Ile "A" kwenye dB(A) ni mizani inayofuata usikivu wa sikio. Kwenye hezi 50 inakata 30 dB, kwenye hezi 100 inakata 19. Mashine mbili zinaweza kuwa na dB(A) sawa, moja ni upepo wa feni tu, nyingine ina mvumo mzito unaopenya ukuta. Madirisha yanazuia sauti nyembamba vizuri, ile nzito inapita. Ukifunga dirisha unaweza hata kuusikia mvumo vizuri zaidi kwa sababu kelele nyingine zimebaki nje.

#16 Mama Pacha
Mimi nilipima kwa simu, programu ikasema 33. Kumbe?

#17 Hezi Hamsini
Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea. Kwa mvumo wa chini usiiamini. Inafaa kulinganisha tu, kwa mfano mashine ikiwashwa na ikizimwa, simu ikiwa palepale.

#18 Maji Vuguvugu
Mbona mnazunguka wakati gesi ya ndani ya mashine, ile inayobeba joto, ndiyo jibu? Tafuta mashine ya kaboni dioksidi, zile za R744. Hazina kelele. Zinatangazwa 37 dB. Gesi yenyewe ni tulivu kuliko gesi nyingine za R134a na R290.

#19 Fundi Msumari
Maji Vuguvugu hapana. Gesi haina utulivu wowote. R744 inafanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, upande wa juu inafika karibu bar 100, wakati R134a iko kwenye bar kumi na kitu hadi ishirini hivi. Utulivu wa zile mashine unatokana na jinsi zilivyojengwa: kompresa ya inveta (inayobadilisha kasi yake), feni pana inayozunguka polepole, na mara nyingi kipande cha nje kimetenganishwa na tangi. Weka feni ndogo ya kasi kwenye R744 utasikia.

Feni usiidharau. Kelele yake inapanda vibaya sana na kasi. Ukiipunguza kasi kwa nusu unaweza kushusha 15 dB hivi. Ndiyo maana mashine yenye uso mkubwa wa kuvutia hewa karibu kila mara ni tulivu kuliko iliyobanwa juu ya tangi.

#20 Maji Vuguvugu
Sawa, tuseme ni ujenzi. Matokeo ni yaleyale, zilizotulia sokoni nyingi ni za R744 na ushauri wangu kwa mleta uzi haubadiliki. Faida nyingine inapeleka maji hadi nyuzi 65 bila koili ya ziada. Na ikitenganishwa na tangi unaweza kuipeleka mbali na chumba.

#21 Mzee wa Taima
Vijana, hamjauliza saa ngapi. Mashine isiyowaka usiku haina desibeli usiku. Lita 250 kutoka nyuzi 15 hadi 60 zinahitaji joto la kilowatisaa 13. Pampu yenye uwezo wa kilowati 2 itamaliza kwa saa sita na nusu, na kwa ufanisi wa 3.5 (joto mara 3.5 ya umeme inaoutumia) itakula umeme wa kilowatisaa 3.7 tu. Iwashe saa tatu asubuhi, saa kumi alasiri imeshamaliza, hewa ya mchana ina joto kwa hiyo ufanisi nao unapanda. Mwenye sola juu ya paa ndiyo kabisa. Jirani yuko kazini, wewe uko kazini. Kelele ya nani hapo?

#22 Hezi Hamsini
Hapo Mzee umegusa penyewe. Japani ndiko mashine za R744 za nyumbani zilikoanza kuuzwa, mwaka 2001, na zilipangwa zichemshe usiku kwa sababu umeme wa usiku ulikuwa wa bei nafuu. Malalamiko ya kukosa usingizi yakaja hadi tume ya serikali yao ya usalama wa walaji ikatoa ripoti Desemba 2014. Na hizo ni mashine zilezile ambazo Maji Vuguvugu anasema hazina kelele. Mtaa mzima umelala, hakuna gari, hakuna redio, mashine ya 40 inasikika kama kitu kikubwa.

#23 Dirisha Wazi
Ushauri wa taima sisi tulijaribu. Tatizo tangi letu ni la lita 170 na tuko sita. Ikipita saa mbili usiku maji yameisha, mashine inataka kuwaka tena. Ukiizuia, wa mwisho anaoga baridi.

#24 Mzee wa Taima
Basi tatizo ni tangi. Ongeza lita, punguza kelele. Watu wananunua tangi dogo lenye kompresa kubwa ya kufukuzana na matumizi, halafu wanashangaa inanguruma kutwa. Mimi nikichagua naanza na tangi linalobeba matumizi ya siku nzima, ndipo naangalia desibeli.

#25 Kimya Kimya
Au shusha joto. Nimeweka 48, mashine inafanya kazi muda mfupi, kimya.

#26 SikioLaTatu
Kimya Kimya, hilo tafadhali lisifuatwe na mtu. Bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi kati ya nyuzi 20 na 45, na 48 iliyo juu ya tangi inaweza kuwa 40 chini yake. Maji ya kuhifadhiwa yafike 60. Kama hofu ni kuunguza watoto, weka valvu ya kuchanganya kabla ya bomba la kuogea. Utulivu wa usiku tuutafute kwingine, si kwenye afya ya watu wa nyumbani.

#27 Kimya Kimya
Mashine yangu inapandisha hadi 60 yenyewe mara moja kwa wiki.

#28 SikioLaTatu
Hakikisha hiyo programu imewashwa kweli, na angalia inawaka saa ngapi. Nyingi zimewekwa usiku wa manane kiwandani. Hapo unapata kelele ndefu kuliko za siku zote, tena saa mbaya.

#29 Pilipili Hoho
Nimesoma uzi wote. Kwa nini asijenge kibanda cha kuifunika mashine? Kwetu jenereta ilinyamazishwa hivyo.

#30 Fundi Msumari
Jenereta na pampu joto ni vitu tofauti. Hii inaishi kwa hewa. Ukiifunga, inatema hewa baridi na kuivuta tena ileile, ufanisi unaanguka, inafanya kazi saa nyingi zaidi, na kwenye baridi inaganda. Ikiganda itaanza kujiyeyusha: inasimama, valvu inageuza mzunguko, unasikia mlio wa "pshhh" ghafla. Huo ndio unaoshtua watu usingizini kuliko mvumo wa kawaida.

Kinachosaidia ni kizuizi cha upande mmoja. Kiwe kizito, kisiwe na matundu, kifiche mashine isionekane dirishani kwa jirani, na kiache nafasi ya hewa kadiri kijitabu kinavyosema. Uzio wa Kibarazani ungefaa kama dirisha lisingekuwa juu yake.

#31 Mama Pacha
Na miti? Nina ua mzuri wa majani, nene kabisa.

#32 Hezi Hamsini
Macho yatapumzika, masikio hayatapata kitu. Majani hayana uzito wa kuzuia sauti.

#33 Kibarazani
Nawashukuru. Wamenijibu wale wa mashine ya kwanza: 46 imepimwa mita mbili, mahali pa wazi.

#34 SikioLaTatu
Mita mbili! Basi nguvu yake ni 60. Ile ya 58 ndiyo tulivu kati ya hizo mbili. Ndoo Mbili upo?

#35 Ndoo Mbili
Nipo, nimekaa kimya kama inveta 😂

#36 Hezi Hamsini
Tofauti ya 2 sikio halitaigundua kirahisi. Kibarazani mimi ningeuliza swali jingine: ipi ina inveta, na ipi ina jedwali la sauti kwa kila masafa (yaani kila hezi, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba), si namba moja tu? Inayopiga toni moja inayojitokeza ni mbaya zaidi kuliko inayopuliza tu, hata namba zikilingana.

#37 Maji Vuguvugu
Inveta nayo mbadilishe mtazamo kidogo. Inabadilisha kasi, kwa hiyo kuna wakati inapita kwenye kasi ambayo bati la ubavuni linaitikia. Ya rafiki yangu ilikuwa inazomea dakika chache kila siku, ikishafika kasi yake inaacha. Skrubu mbili zilikazwa ikaisha.

#38 Mzee wa Taima
Na ile hali ya kimya ya usiku inayotangazwa, muulizeni muuzaji inapunguza nini. Inapunguza kasi, maana yake muda unaongezeka. Saa tatu za kelele mchana au saa saba za mnong'ono usiku? Mimi nachagua mchana daima.

#39 Hezi Hamsini
Mzee, wengine wana umeme wa usiku wa bei ya chini na mchana hawana sola. Huwezi kuwaamuru wote mchana. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza kelele ya mfululizo chumbani isizidi 30 dB, na mwaka 2009 likaweka 40 nje ya nyumba kwa wastani wa usiku kwa Ulaya. Mashine tulivu iliyowekwa vizuri inaweza kukaa ndani ya hapo hata usiku.

#40 Dirisha Wazi
Kwenye mizani ya A, ambayo umetuambia wewe mwenyewe inaficha mvumo. Mama yangu alikuwa ndani ya 30 na hakulala.

#41 Hezi Hamsini
Umenibana. Ndiyo maana nasisitiza jedwali la masafa.

#42 Pilipili Hoho
Kwa hali hii si aachie hapo hapo na koili? Koili haina feni, haina kompresa, haimkeri mtu. Kama ana sola ya kutosha mchana, gharama inashuka.

#43 Fundi Msumari
Itakula karibu mara tatu ya umeme kwa maji yaleyale. Kwa paa lenye sola kubwa na familia ndogo, sikatai. Kwa wanne bila sola, nakataa.

#44 Kibarazani
Sola ninayo ndogo. Nimepima upya leo: nikipitisha bomba la maji darini, kipande cha nje kinaweza kwenda nyuma ya jiko, mita tisa kutoka chumbani, hakuna dirisha la jirani. Ila ni ile iliyotenganishwa na tangi tu ndiyo itakubali. Mita tisa za bomba nitapoteza joto kiasi gani?

#45 Maji Vuguvugu
Nilisema mapema, itenganishe.

#46 Fundi Msumari
Inategemea kinachopita kwenye bomba. Zile za R744 nyingi zinapitisha maji, kwa hiyo mabomba mawili ya maji, uyafunike kwa sponji nene kote hadi kwenye viungo. Nyingine zinapitisha gesi, na hapo kuna urefu wa mwisho alioweka mtengenezaji, usiuzidishe. Tuma jina la modeli kwa faragha nikuangalizie kijitabu chake.

#47 Mzee wa Taima
Nyuma ya jiko sawa, lakini iwekee taima hata hivyo.

#48 Mama Pacha
Kabla hamjaondoka: yangu ikizima, bomba linagonga "ta, ta, ta" ukutani kama dakika kumi. Hiyo nayo ni kompresa?

#49 Fundi Msumari
Hapana, hilo ni bomba la moto linapoa na kurudi urefu wake, linajikwaruza kwenye klipu au kwenye tundu la ukuta. Legeza klipu kidogo, weka mpira pale linapopita ukutani. Likigonga mara moja tu kwa kishindo unapofunga bomba la kuogea, hiyo ni habari nyingine, ni shinikizo la maji.

#50 Mama Pacha
Inagonga hivyo pia. Vyote viwili.

#51 Fundi Msumari
Piga picha ya pale maji yanapoingilia kwenye tangi uiweke hapa. Nataka kuona kama kuna valvu ya kupunguza shinikizo.